Ulemavu na Msaada wa Fedha: Mkazi wa Pasiansi Aanzie Wapi?

Swali linaloulizwa sana kwenye ofisi za serikali za mitaa ni fupi: mtu mwenye ulemavu analipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Jibu la kweli ni kwamba Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi anayolipwa kila mtu kwa sababu tu ana ulemavu. Kenya inao mpango wa Inua Jamii, ambao hulipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni jamii kwa wazee waliofikisha miaka 70. Ujumbe unaozunguka kwenye simu ukiahidi "posho ya walemavu ya kila mwezi" kwa Bara nzima usikupotezee muda wala nauli.

Wengi wakishasikia jibu hilo hukata tamaa na kurudi nyumbani, na hapo ndipo familia hupoteza haki zake. Msaada upo, ila umegawanyika katika ofisi nyingi, na kila fungu limefungwa kwenye hali fulani ya maisha: kuumwa, kusoma, kufanya biashara, kuumia kazini, kugongwa barabarani. Kwa hiyo anayetafuta msaada asianze kwa kuuliza "ulemavu wangu unalipwa?" Aulize: "Hali yangu ya sasa inahudumiwa na ofisi gani, na inataka karatasi gani?"

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Pasiansi na kata jirani za Manispaa ya Ilemela kama Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Ibungilo na Nyasaka. Sheria zinazotajwa humu ni za nchi, kwa hiyo msomaji wa Sengerema, Magu au Ukerewe naye atazitumia, akibadilisha tu jina la halmashauri yake.

Nani anatambuliwa kuwa na ulemavu?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo haiangalii mwili peke yake. Inaangalia pia namna upungufu wa mwili, akili au milango ya fahamu unavyomzuia mtu kushiriki sawa na wenzake katika mazingira anayoishi. Mtu anayetumia kiti mwendo kwenye barabara ya lami ya kwenda uwanja wa ndege anaweza kujiendesha mwenyewe. Mpandishe kwenye vijia vya mawe vya milima ya Mwanza, na mtu huyohuyo anahitaji watu wawili wa kumbeba.

Sensa ya mwaka 2022 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ugumu wa aina hizo. Ndiyo kusema, katika kila watu tisa kuna mmoja hivi. Bibi ambaye macho yameingia ukungu na baba aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi nao wamo katika hesabu hiyo, hata kama hakuna aliyewahi kuwaita watu wenye ulemavu.

Aina za ulemavu na gharama zake

*Ulemavu wa viungo.* Huu unatokana na mambo mengi: polio ya zamani, mtindio wa ubongo, kiharusi, vidonda vya kisukari vinavyofikia kukatwa mguu, na ajali za bodaboda, ambazo kila mwenye kusafiri kati ya Kirumba na Pasiansi anazijua. Gharama yake kubwa ni vifaa: magongo, kiti mwendo, baiskeli ya magurudumu matatu, mguu bandia. Kiti mwendo kisichomtosha mtumiaji humletea vidonda vya kukaa na kupinda mgongo, kwa hiyo usipokee chochote kinachogawiwa bila mtumiaji kupimwa. Mtoto anayekua atahitaji kubadilishiwa kifaa kila baada ya muda, na bajeti ya familia ilijue hilo tangu mwanzo.

*Mgongo wazi na kichwa kikubwa.* Mtoto mwenye hali hizi anahitaji upasuaji mapema, na kila wiki inayopita huongeza madhara. Huduma ya kibingwa kwa Kanda ya Ziwa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Wazazi wa watoto hawa wana chama chao cha kitaifa, ASBAHT, ambacho hufundisha namna ya kumtunza mtoto baada ya upasuaji. Mama anayepanga kushika mimba apate vidonge vya asidi ya foliki mapema, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Mguu kifundo, kwa upande wake, mara nyingi hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki ikiwa mtoto atafikishwa hospitali angali mchanga.

*Kutoona na uoni hafifu.* Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho, kinyume chake, huharibu polepole na kilichopotea hakirudi, ndiyo maana kupima macho mapema ni kuokoa fedha. Asiyeona anahitaji fimbo nyeupe, mafunzo ya kutembea, na kwa mwanafunzi, vitabu na mashine ya nukta nundu. Mkoa wetu una Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, inayojulikana kwa miaka mingi kwa kupokea watoto wasioona na wenye ualbino.

*Uziwi na usikivu hafifu.* Homa ya uti wa mgongo na masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa ni miongoni mwa vyanzo vyake. Kwa mtoto kiziwi, hasara kubwa huja pale familia inapokaa miaka bila lugha ya kuzungumza naye. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili. Mzazi aijifunze pamoja na mtoto. Kifaa cha kusaidia kusikia kina gharama ya kununua na gharama ya betri kila mara, nayo ihesabiwe.

*Ualbino.* Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumizwa zaidi na mauaji na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, hasa kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008. Hadi leo ulinzi ni sehemu ya mahitaji yao. Lakini adui wa kila siku ni jua, kwa sababu saratani ya ngozi huwamaliza wengi wangali vijana. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni vitu vya lazima kwao kama dawa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni maalumu kwa ajili yao, na shirika la Standing Voice limekuwa likiifikisha kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki za ngozi. Wengi wao pia wana uoni hafifu, hivyo mtoto akalishwe dawati la mbele na apimwe macho.

*Ulemavu wa akili na usonji.* Hawa ni watoto wanaochelewa kujifunza, wenye hali ya Down, au wenye usonji. Gharama yao kubwa haionekani dukani: ni muda wa mzazi, mara nyingi mama, anayeacha biashara ili amtunze mtoto. Shule zenye kitengo cha elimu maalumu humpunguzia mama huyo mzigo na humfundisha mtoto kujihudumia.

*Magonjwa ya akili ya muda mrefu na kifafa.* Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaotibika kwa dawa ambazo si ghali. Kukatiza dawa ndiko kunakogharimu, kwa sababu degedege ikimkuta mtu ziwani au karibu na moto inaweza kumuua. Wagonjwa wa akili wanaofuata kliniki wengi hurudi kazini.

Wapo pia wenye ulemavu zaidi ya mmoja, kama viziwi wasioona. Wao wapewe kipaumbele kila mahali, na ofisa yeyote akumbushwe hilo.

Hatua ya kwanza: kutambuliwa kwa maandishi

Karibu kila msaada unaofuata huanza na karatasi mbili. Ya kwanza ni utambulisho kutoka mtaani. Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa wako, hakikisha jina la mwenye ulemavu limo kwenye rejista, na uliza juu ya kamati ya watu wenye ulemavu. Kamati hizi zimewekwa kisheria kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi mkoa. Kama mtaani kwenu kamati haipo au imelala, wakazi wana haki ya kuidai kwenye mkutano wa hadhara.

Karatasi ya pili ni maelezo ya daktari yanayotaja aina ya ulemavu, kiwango chake na kifaa au huduma inayohitajika. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, upate rufaa kama inahitajika. Mwombe daktari aandike kwa ukamilifu. Barua inayosema "ana ulemavu wa mguu" haina uzito sawa na inayosema "amekatwa mguu wa kulia chini ya goti, anahitaji mguu bandia na hawezi kazi ya kusimama muda mrefu".

Ukiwa na karatasi hizo, mtafute Afisa Ustawi wa Jamii. Huyu ndiye mtaalamu anayeweza kutathmini hali ya kaya na kuiunganisha na hospitali, shule na wafadhili. Makao makuu ya Manispaa ya Ilemela yapo Buswelu, lakini mwulize kwanza mtendaji wa kata, kwa sababu maofisa wa ngazi ya kata wanaweza kukuokolea safari.

Fungu la matibabu

Njia salama zaidi ni bima ya afya kabla ya ugonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kugharamia watu wasio na uwezo. Utambuzi wa wasio na uwezo huanzia kwenye jamii, kwa hiyo kaya yenye mtu mwenye ulemavu ihakikishe mtaa unaijua hali yake mapema, kabla haijafika hospitalini na bili mkononi.

Mgonjwa aliyekwisha kufika hospitali ya umma na hana fedha aombe kumwona Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali hiyo. Ofisa huyo ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha. Sera ya afya inatoa msamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mtoto mwenye kichwa kikubwa aliye chini ya miaka mitano yumo. Mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho, asiye na uwezo, yumo. Usiondoke hospitali kimya kimya kwa kuogopa bili kabla hujaongea na ustawi wa jamii.

Fungu la kaya maskini: TASAF

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000 na umekuwa ukiendesha Mpango wa Kunusuru Kaya za Walengwa. Kigezo chake kikuu ni umaskini wa kaya. Ulemavu peke yake hauiingizi kaya katika mpango, lakini kaya maskini yenye mtu asiyeweza kufanya kazi ina hoja nzito inapotathminiwa. Walengwa huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha taarifa zao huhakikiwa. Usajili haufunguliwi kila siku, kwa hiyo mwenye ulemavu au mlezi wake asikose mikutano ya hadhara, na kama hawezi kufika, amtume ndugu akataje jina lake mbele ya watu.

Kuwemo TASAF kuna faida nyingine: namba ya kaya hutumika kama uthibitisho wa umaskini mahali pengine, hasa kwenye mikopo ya elimu ya juu. Itunze.

Fungu la biashara: asilimia 2 ya mapato ya halmashauri

Hili ndilo fungu ambalo watu wenye ulemavu wana haki nalo kwa jina. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Kwa mfano, kila shilingi bilioni 1 ya mapato yanayohusika, shilingi milioni 20 ni za watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya.

Anayetaka mkopo huu afuate mambo haya:

1. Amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, apewe masharti ya sasa na aulize idadi ya wanakikundi inayotakiwa. Kanuni zimekuwa zikilegeza idadi kwa watu wenye ulemavu kuliko kwa makundi mengine, kwa hiyo msikubali kuambiwa "mko wachache" bila kuonyeshwa kanuni.
2. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, viongozi, kumbukumbu za vikao na akaunti ya benki.
3. Kila mwanachama awe na kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, na uthibitisho wa ulemavu wake.
4. Kikundi kiandae andiko la biashara lenye hesabu za kweli: mtaji, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, faida na ratiba ya marejesho.
5. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Serikali. Asiyeona au asiyejua kompyuta aombe msaada wa ofisa wa kata; ni wajibu wake.

Huu ni mkopo, nao hurejeshwa. Chagueni biashara ambayo mnaijua na ambayo wanachama wataifanya wenyewe. Pembezoni mwa ziwa zipo nyingi zinazofaa hata kwa asiyeweza kutembea sana: kununua dagaa mwaloni Kirumba, kuwachambua na kuwafunga kwenye pakiti ndogo, ushonaji, ufugaji wa kuku, uwakala wa fedha kwa simu. Kikundi kisikubali mtu asiye na ulemavu akitumie kama kivuli, yeye achukue fedha na wenye ulemavu wabaki na deni.

Fungu la elimu

Elimu ya msingi na sekondari katika shule za umma haina ada, kidato cha tano na sita kikiwa ndani ya utaratibu huo tangu mwaka 2022. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa, na mwalimu mkuu hapaswi kumkataa kwa kisingizio kwamba shule haina vifaa. Anayekataliwa apande kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri.

Kwa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, huzingatia ulemavu wa mwombaji na hata wa mzazi wake wakati wa kupanga uhitaji. Uthibitisho wake lazima uidhinishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Wanafunzi wengi hupoteza nafasi hii kwa kuisubiri wiki ya mwisho ya maombi. Fomu ya uthibitisho huo ianze kushughulikiwa mara tu dirisha linapofunguliwa.

Kijana anayetaka ufundi aulize kuhusu vyuo vya ufundi stadi na marekebisho vya Serikali kwa watu wenye ulemavu. Mwanza kipo cha Mirongo. Vingine ni Yombo cha Dar es Salaam, Sabasaba cha Singida, Luanzari cha Tabora, Masiwani cha Tanga na Mtapika cha Masasi. Ulizia fani na tarehe za kujiunga kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Fungu la kazi na ajali

Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwahimiza waombaji wenye ulemavu kueleza hali zao kwenye mfumo wa maombi. Ieleze, usiifiche.

Aliyepata ulemavu kazini, tuseme amekatika vidole kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ana haki kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mchango wa mfuko hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mara moja, naye ana siku 7 za kuujulisha mfuko. Madai yasipite miezi 12. Mfuko hugharamia matibabu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukitathminiwa kuwa asilimia 30 au chini hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo mtu hulipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo ya mtu anayemhudumia majeruhi asiyejiweza. Mwajiri akikwambia "chukua laki mbili tuyamalize", usisaini chochote kabla hujaongea na ofisi ya WCF.

Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kwa sababu nyingine, kama kiharusi, aulize kuhusu pensheni ya ulemavu. Waliojiajiri, wakiwamo wavuvi na madereva wa bodaboda, wanaweza kujiunga NSSF kwa hiari kabla balaa halijawafika.

Kwa ajali za barabarani, kila chombo cha moto kinapaswa kuwa na bima ya mtu wa tatu. Abiria wa bodaboda aliyevunjika au mtembea kwa miguu aliyegongwa anaweza kudai kwa kampuni ya bima ya chombo kilichosababisha ajali. Chukua namba ya usajili ya chombo, hakikisha polisi wamefika na umepewa fomu ya polisi ya PF3, tunza risiti zote za matibabu na nakala ya ripoti ya polisi. Kampuni ikizungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Fungu la kodi

Mwenye ndugu nje ya nchi anayetaka kumtumia kifaa ajue hili: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, pamoja na gari moja lililotengenezwa kwa namna hiyo. Msamaha huombwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla mzigo haujaingia, ukiwa na uthibitisho wa daktari. Gari la kawaida lililonunuliwa kwa jina la mwenye ulemavu ili jamaa wakwepe kodi halihusiki, na linaweza kumtia matatani mwenye jina.

Jalada la nyumbani

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua jalada moja la plastiki, uweke humo:

- cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA;
- barua ya mtaa na maelezo ya daktari, kila moja na nakala tatu;
- kadi ya bima na namba ya kaya ya TASAF kama ipo;
- PF3, risiti na ripoti za hospitali;
- daftari la kuandika tarehe, ofisi uliyokwenda, cheo cha uliyeongea naye na alichokujibu.

Daftari hilo la mwisho ndilo litakalokusaidia pale ofisi moja inapokurudisha kwa nyingine. Piga picha karatasi zote kwa simu, kwani nyumba huungua na mvua huingia.

Jihadhari na wanaokula kupitia ulemavu

Fomu za Serikali za kutambuliwa haziuzwi. Malipo halali ya Serikali yana namba ya malipo na risiti. Anayekutaka umtumie fedha kwenye simu yake binafsi "ili jina lako lipite" ni tapeli. Usimpe mtu picha za mtoto wako ili akachangishe fedha usizoziona. Na yeyote anayeahidi utajiri au tiba kwa viungo vya mwenye ualbino ni muuaji mtarajiwa. Taarifa zake zifike polisi siku hiyohiyo.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, kisha panda ngazi: mtendaji wa kata, mkurugenzi wa manispaa, ofisi ya mkuu wa wilaya. Usipande peke yako. Vipo vyama vya kukusindikiza: CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, TAS kwa wenye ualbino, na SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho la vyama hivyo. Ukiombwa rushwa, piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Mtoto akifichwa, akifungiwa au akinyanyaswa, piga 116. Haki ikivunjwa na ofisi ya umma, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Mwanza. Kwa mashauri ya mahakamani, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa asiye na uwezo nafasi ya kuhudumiwa bila malipo.

Mzazi, mjumbe wa mtaa, mwalimu, kiongozi wa msikiti au kanisa: katika nyumba unazozifahamu, yumo mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote. Wakati halmashauri inapanga bajeti na mtaa unapoibua kaya za walengwa, asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi. Wiki hii msaidie mtu mmoja kufika ofisi ya mtaa na kituo cha afya akapate zile karatasi mbili. Asiyeweza kutembea, mwombe mtendaji amfuate nyumbani. Fedha hizi zimetengwa kwa sheria, kutokana na kodi na ushuru tunaolipa sote sokoni na mwaloni, na anayezidai anadai kilicho chake.